Jaribu Tena

Mchana napima sangara kiwandani, kilo kwa kilo.
Usiku napima volti.
Hakuna aliyenituma. Wengine wana bao, wengine wana mpira,
mimi nina bisibisi sita na meza iliyoegemea jabali,
hapa Mabatini juu, ambapo nyumba zimepanda mawe
kama mbuzi.

Simu zangu ni za waliokufa maji:
ziliponyoka mfukoni mtu akinawa ziwani,
zikatumbukia kwenye ndoo, moja kwenye supu ya sato.
Nazifungua, nazisugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu.
Kitochi hukohoa mara mbili, kisha hufufuka,
kikiuliza tarehe kama mgonjwa aliyezinduka.
Simu janja haina adabu hiyo.
Ikiamka huuliza: wewe nani?
Halafu: uko wapi?
Halafu huniletea kurasa arobaini na kitufe kimoja,
NAKUBALI.
Nimetafuta kitufe cha Ngoja Kwanza
katika kila simu niliyowahi kufungua, hadi chini ya betri.
Sijakiona.

Shangazi Nyamizi alikuja Jumanne, laini yake imefungwa.
Miaka thelathini yuko Kirumba, mwaloni,
anapara sangara, anageuza dagaa juani,
chumvi na magamba vimemla vidole
vikawa laini;
na kwa kuwa ni laini, hapati laini.

Nilimpeleka kwa wakala, chini ya mwavuli, Mlango Mmoja.
Kijana akamfuta dole gumba, akalibonyeza kwenye kimashine.
Jaribu tena.
Akampaka mafuta ya mgando. Jaribu tena.
Cha shahada, cha kati, cha pete,
jaribu tena, jaribu tena,
kwa sauti ya upole ya mtu asiye na haraka
kwa sababu si mtu.
"Mama, mfumo haukuoni."
Shangazi akajitazama: kitenge, ndala, kilo zake tisini.
"Mimi? Mimi naonekana toka Ukerewe!"

Basi tukatumia kidole changu.
Sasa, katika kumbukumbu za wenye kumbukumbu,
shangazi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, hajaoa.
Siku yangu ya kuzaliwa, yeye ndiye aliyepongezwa.
Akanipigia, pumzi zimemkata kwa kicheko:
"Ndugu Lugembe, leo tumetimiza mingapi?"
Nikacheka naye.
Alipokata, sikucheka.
Pesa za upatu wao zinapita kwa jina langu,
nikifa kesho, zimekufa.
Na siku atakapoandika neno kali juu ya ushuru wa mwalo,
atakayeitwa ni mimi,
nisiyejua hata bei ya kisado.

Redioni wanabishana kama teknolojia ni neema au balaa.
Mimi nimeiona tumbo wazi:
shaba, bati, gundi,
dhahabu isiyotosha hata jino.
Ubaya sijaukuta humo.
Labda uko ofisini, penye kiyoyozi,
ambapo mtu aliamua kidole ni nini
bila kuwahi kupara samaki.

Jana umeme ulikatika.
Nikawasha koroboi, nikashikilia sahani juu ya moshi
mpaka ikavaa masizi,
nikambonyeza shangazi dole gumba pale, kisha kwenye karatasi.
Tukainama wote wawili.
Si kweli kwamba hana alama.
Upo mstari mmoja, umepinda kama njia ya kwetu,
na kovu la mwiba wa sangara
wa mwaka aliozaliwa Kabula.
Nikamwonyesha. Akanyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.

Karatasi nimeiweka kwenye kopo la skrubu,
hakuna mfumo utakaoiomba.
Yeye akafuta masizi kwenye shati langu,
akaniambia nimnunulie vocha ya mia tano,
kwa jina letu.