Punje Mbili za Uwele

Kazi yangu ni mizani. Sokoni Kibaigwa wananijua:
gunia likitua nalisoma kabla mshale haujatulia.
Mia na tatu. Tisini na saba,
hili limelowa chini, libadilishe.
Walanguzi hunichukia kwa heshima.

Lakini Jumanne ile, kituo cha afya,
binti wa lishe, Nyemo, jina limeandikwa kifuani,
alinipa karatasi yenye uzito nisioujua.
Sechelela yuko kwenye benchi, pamba kidoleni,
damu yake imesomwa tisa,
na mimi nimeitwa, eti "mwenza".

Nyemo akasoma kama mtu wa mnada:
protini, gramu hamsini kwa siku, na wewe, baba, kwa mwili huo, zidisha kidogo;
kalsiamu, gramu moja;
chumvi isivuke kijiko cha chai,
nimesema cha chai, si upawa;
vitamini C, miligramu tisini.
Nikacheka. Huo nao ni mzigo?
Madini joto, mikrogramu mia na hamsini.
Hapo nikanyamaza.
Mizani ya hicho haipo, toka Gairo hadi Manyoni.

"Chuma," akasema.
Nikawaza jembe, nikawaza misumari ya bati.
"Mwanamume mzima, miligramu nane.
Mwanamke wa umri wake, kumi na nane."
Rudia, nikamwambia.
Akarudia, kalamu inagonga meza.

Nililala na namba hizo kama kijiwe ndani ya kiatu.
Kulipokucha nikaenda kwa Chidawali, mkaguzi wa mbegu,
ana mizani ndogo, ya kufunikwa kioo,
ukiipumulia inashtuka.
Nikaweka punje moja ya uwele.
Nane.
Nikaongeza ya pili, nikabana pumzi.
Kumi na saba.

Kumbe ni hivyo tu.
Mimi ninayebeba gunia mgongoni bila kuguna,
chuma changu cha siku nzima ni punje moja,
na chake ni mbili, na ushee.

Sasa nisikilizeni hesabu, maana hesabu ndiyo ninayoijua.
Nyama ikipikwa kwangu, finyango ni yangu.
Maini ni yangu, hata sijui nani alisema.
Yeye hupakua, hukaa pembeni,
humalizia mlenda uliobaki chunguni,
na chai ya rangi juu yake, moto, papo hapo,
ile Nyemo aliyosema hufukuza chuma mlangoni.
Tuna miaka kumi na minne.
Punje moja kwa siku namdai, yaani, ananidai:
elfu tano, mia moja na kumi.
Nilizimimina. Hazijazi kikombe.

Deni lisilojaza kikombe
ndilo linalomlaza mchana,
ndilo linalomshikisha ukuta akitoka kisimani.
Na ule udongo wa kichuguu aliokuwa akitafuna usiku,
nilidhani hamu za wanawake.
Nilimnunulia mwenyewe, wa shilingi mia, wa mia mbili,
nikajiona mume mwema.

Jumamosi nimetoka mnadani na maini robo.
Amepakua kama siku zote.
Nikahamisha vipande sahanini kwake.
Akavirudisha.
Nikahamisha.
"Unaumwa?" akauliza, na mkono ukaja kwenye paji langu.
Nikasema, mizani imesema.
"Mizani ya mahindi?"
Watoto wakacheka, nami sikuwa na jibu zuri.
Chai nikaificha nyuma ya mlango.
Mahali pake nikakoroga ubuyu, mchachu hadi macho yanafumba,
tukanywa wote, tunakunja nyuso.

Akala kipande kimoja, taratibu, kama anayesaini hati.
Cha pili akakisukuma chini ya ugali wa kitindamimba.
Alidhani sijaona.
Niliona, ni kazi yangu kuona.

Nikachukua daftari la magunia, ukurasa wa mwisho,
nikaandika tarehe, na chini yake:
nusu punje, imelipwa.