Kisigino

Nilimfumania mwanangu jikoni, saa nane usiku.
Niliusukuma mlango kwa kidole kimoja
nikitarajia sigara, au msichana,
au ule mwanga wa simu usoni mwake.
Romet alikuwa akifuma.

Sindano tano, uzi wa kijivu,
ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo
kama alipokuwa na miaka sita, akichora farasi.
Akashtuka, akaificha chini ya meza:
mwanamume wa miaka ishirini na mbili, ndevu tele,
anaficha soksi!
Nilicheka hadi paka akahama.

Kisha sikucheka.

Maana mimi vitanzi nilivijua kabla ya herufi.
Kule Võrumaa baridi ilikuwa ndefu kuliko kamba ya ng'ombe,
na mama yangu Leida aliihesabu familia kwa miguu:
Aivar miwili, Tiit miwili, baba miwili.
Kaka zangu walitoboa soksi upesi kuliko nilivyoziziba.
Wao nje, wakiteleza juu ya bwawa lililoganda,
mimi dirishani, nikifuma vicheko vyao.
Miguu yangu sikumbuki nani aliihesabu.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa uzi, ukachimba mfereji
ambao bado upo. Hapa. Uguse.

Siku ya mshahara wangu wa kwanza
niliingia duka moja hapa Tartu, nikanunua jozi kumi na mbili,
za kiwandani, nyembamba, mbaya,
nikatembea nazo kama mtu aliyetoka kifungoni.
Sindano za mama nilizitumia
kuchomea keki, kujua kama imeiva.

Sasa wao hukutana kila Jumanne
kwenye karakana ya baiskeli:
Kertu aliyenyoa kichwa, mwenye nyoka shingoni,
Joosep muuza bia,
mapacha wawili wa uhandisi wasiofungua kinywa;
juu minyororo na grisi, chini madonge ya sufu.
Wananunua uzi kwa bei ya viatu
wafume soksi ambazo duka linauza kwa bei ya mkate.
Nikamwuliza, kwa nini?
Akafikiri sana, ndivyo alivyo.
"Kutwa nasahihisha makosa ya watu kwenye kioo,
jioni nikitazama mikono yangu haina kitu.
Hiki nakishika."

Nilikuwa na hasira,
ndogo, ya kale, yenye harufu ya sufu mbichi:
kwangu kitanzi kilikuwa cha shingo,
kwake ni kitanzi tu,
kijilango cha kupitisha uzi.

Akaitoa soksi. Ilikuwa imeshuka vizuri kutoka gotini,
kisha ikapotea njia,
ikawa mfuko usiojua uelekee wapi.
"Kisigino," akasema. "Sote tumekwama hapo."

Nilitaka kusema sikumbuki.
Mdomo ukasema: sikumbuki.
Lakini vidole havikuuomba mdomo ruhusa.
Vilichukua, vikafumua safu nne bila huruma
(alilia "Mama!" kama ninamkata nywele),
vikagawa vitanzi, nusu vikae, nusu viende,
ruka kimoja, unga viwili, geuza,
ruka kimoja, unga viwili, geuza,
na pale kiganjani mwangu kitambaa kikapinda,
kikageuka, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

Tukakitazama.

"Tena," akasema, "polepole."
Nikakifumua chote nikamrudishia,
kwa sababu kisigino cha kufumiwa
hakimfundishi mtu.

Alipofika mahali pa kugeuza, nje gari la theluji lilipita,
taa yake ya njano ikazunguka dari.
"Uje Jumanne."
"Sifumi soksi ya mtu," nikamwonya. "Naonyesha kisigino, narudi."
"Sawa."
"Na koti lenye grisi siligusi."
"Sawa, mama."

Kikapuni, chini ya lile la kijivu,
kulikuwa na donge jingine, rangi ya haradali.
Nililibonyeza. Laini kuliko sufu yoyote ya kwetu.
"Hili la nani?"
Hakuinua kichwa, alikuwa anahesabu.
"Bado halina mwenyewe."