Mnanisikia?

Meza yangu ya kazi ilikuwa ya kupigia pasi.
Uzuri wake: unaishusha, unaipandisha,
ukichoka kukaa unasimama nayo.
Ubaya wake: ukiiegemea kwa hasira
inakunja miguu kama mbuzi anayetaka kulala,
na siku moja ilikunja,
mishahara ya watu mia mbili wa kiwanda cha samani
ikamwagika sakafuni pamoja na supu ya bitiruti.
Wekundu wake ungali katikati ya mbao.

Ni Kaunas, ghorofa ya nne, ng'ambo ya mto Nemunas.
Machi ile walipofunga shule, makanisa, hata vinyozi,
meneja Gintautas alituambia, "Ni wiki mbili tu."
Wiki mbili zikazaa, na wajukuu wakazaa.

Kila siku saa tatu asubuhi
nilivaa blauzi ya heshima juu ya suruali ya kulalia,
nikafungua kompyuta, nikaanza kuita
kama mtu aliyetumbukia kisimani:
"Mnanisikia? Jamani, mnanisikia?"
Vichwa kumi na viwili kwenye visanduku,
midomo yacheza, sauti hakuna,
Jolita kaganda, jicho moja kafumba.
"Mnanisikia?"

Husemwa kuta zina masikio.
Wangu ulikuwa na mdomo.
Siku ya tisa, au ya kumi, ukanijibu:
"Nakusikia, binti! Mtaa mzima unakusikia!"

Alikuwa Anupras, fundi saa mstaafu.
Kwa miaka sita nilikuwa nikivijua viatu vyake tu,
vimepangwa nje ya mlango, ncha zikitazama ngazi.
Sasa alinikosoa kila kitu: kikohozi changu,
namna ninavyochekea mizaha ya meneja,
hesabu.
"Yule mama wa bohari mmempunja saa nne za ziada,"
alisema jioni moja kupitia plasta.
Nikahesabu upya.
Kweli, tulikuwa tumempunja.

Majira mawili ya theluji yakapita hivyo.
Kisha barua, fupi, haina salamu:
*Jumatatu. Wote. Ofisini.*

Nisidanganye, nilifurahi.
Nilitamani kufunga mlango niiache meza ile ndani.
Nilitamani trolibasi na makoti yake yenye unyevu,
hata umbea wa Jolita mbele ya mashine ya kahawa.
Nikanunua viatu.

Ofisini kalenda ilikuwa bado Machi.
Kwenye droo yangu chungwa limekuwa jiwe,
dogo, jepesi, likitikiswa linalia.
Na koti la Vytenis lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango,
tiketi ya trolibasi ikichungulia mfukoni.
Hakuna aliyelitazama. Hakuna aliyeliondoa.
Tukatundika yetu juu yake, moja baada ya jingine,
mpaka likapotea.

Mkutanoni tulikaa kumi na mmoja, goti kwa goti.
Hapakuwa tena na haja ya kuuliza nani anasikia.
Gintautas alisema sisi ni familia,
na kwamba madirisha yasifunguliwe, kupasha joto ni ghali.
Nikafungua mdomo niseme kuhusu koti.
Nikasema kuhusu fomu za likizo.

Nilirudi saa kumi na mbili jioni,
miguu imevimba ndani ya viatu vipya.
Nikaikunjua meza. Nikaikunja.
Nikala mkate nimesimama.
Kisha ukutani: ngo, ngo, kama mtu anayedai deni.

"Leo hukufanya mkutano?"
"Nilikuwa ofisini."
"Ah."
Akanyamaza muda mrefu,
nikazisikia saa zake zikibishana kule upande wa pili,
hakuna hata mbili zinazokubaliana.
"Haya," akasema, "sogea karibu na ukuta.
Nani kapunjwa?"