Mgawa Maji wa Mbuyuni

Weka chini hilo boksi, Mzee Kiwelu, polepole,
hapo kando ya meza ya Mama Ndeshi wa dagaa.
Naijua shida. Twita ya tatu tangu Kwaresima.
Mbili za kwanza ninazo humu, kwenye kopo la maziwa ya unga,
tando zimekunjamana kama maganda ya kitunguu.
Ulisema ni feki. Ukasema ni umeme.
Mimi nasema ulimtwisha mtoto gunia la mahindi.

Wimbo hauji kwenye waya vipande vipande.
Unakuja mzima, kama maji ya mfongo yakitoka msituni:
ngoma, filimbi, kikohozi cha mpiga gitaa,
vyote kwenye uzi mmoja wa shaba.
Nani anywe nini, waya hauna habari.

Baba yangu alikuwa mgawa maji kule Uru.
Alfajiri, suruali imekunjwa gotini, jembe begani,
alijua leo zamu ya nani, na mpaka saa ngapi.
Alizuia kwa gome la mgomba na tope,
nami nilidhani kuzuia ni kuzuia, basi.
Kumbe maji yalipenya.
Kidogo. Na kibustani cha mjane aliyekaa chini kabisa
kiliishi kwa hayo hayo.

Hii hapa, kipipa cheusi chenye miguu miwili,
ni kapasita. Inakaa mlangoni kwa twita.
Besi ikija na mabuti yake inaambiwa: siyo huku.
Sauti nyembamba, ile *sh* ya shangazi anayenyamazisha watoto,
inapita bila kubisha hodi.
Na huu waya uliozungushwa kama kata ya kubebea ndoo
ni koili, tabia yake kinyume:
mzito pita, mwenye haraka rudi.
Kwenye boksi lako mtu aling'oa vyote viwili.
Nani? Yule kijana wa stendi?
Haya, tusiseme watu.

Na sabufa yako, samahani, inaimba maneno.
Sabufa haipaswi kujua maneno!
Juzi nilipita Kiboriloni, nje ya kilabu chako,
nikamsikia mwimbaji anaongea
kama mtu aliyejaza kiburu mdomoni.
Nimeikata kwenye hezi themanini.
Siyo ukuta, Mzee, ni mteremko, kama wa kwetu:
kwenye mia na sitini bado yumo, ila ananong'ona;
mia tatu na ishirini, hata paka hamsikii.

Alitikisa kichwa kwa adabu ya mtu asiyeelewa.
Tukawasha.

Besi ilikuwepo. Twita ilikuwepo.
Mwimbaji alikuwa amerudi nyuma,
kana kwamba anaimbia chumba cha pili, mlango umerudishwa.
Nikanyamaza. Jasho la aibu likanishuka mgongoni:
mimi, Aikande, niliyehubiri saa nzima,
nimefunga nyekundu penye nyeusi.
Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta,
na pale pale wanapotakiwa kushikana mikono
hakuna kitu,
kama ndugu wawili kwenye kikao cha shamba la marehemu,
kila mmoja akisema peke yake ana hoja nzuri.

Niligeuza nyaya mbili. Basi.

Akaja, akasimama kati yetu na sinia la dagaa,
mtu mzima, na pumzi yake kabla ya kila mstari.
Mama Ndeshi aliacha kupima.
Mzee Kiwelu akachungulia nyuma ya boksi,
halafu akajifanya anatafuta fimbo yake.

Alilipa nusu. Nyingine, alisema, mbege ikiisha.
Bodaboda ikaondoka na boksi limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jioni niliipasua ile twita ya tatu, nikatoa sumaku.
Naipitisha chini ya meza, kwenye vumbi,
na skrubu zinaruka kuifuata,
hata zile nilizokwisha kununua nyingine badala yake.