Nenosiri Chini ya Kibodi

Nilizifunga kompyuta za ofisi, Ngara, ghorofa ya tatu,
nikaona fahari:
data yote ipite kwenye handaki la VPN,
handaki likikatika, kila kitu kizime;
na kuliwasha tena
uandike nenosiri la msimamizi, herufi ishirini na nne.

Jumatatu Kerubo wa hesabu akanipigia:
"Printa iko hapa, naigusa kwa kiwiko,
lakini hii Linux yako inasema haipo duniani."

Nikacheka. Usalama, dada.

Alhamisi stima ikapotea, ikarudi, ikapotea.
Handaki likafa mara tano kabla ya chai.
Nikashuka. Nikainua kibodi
kupangusa makombo ya mandazi:
utepe, kalamu nyekundu,
herufi zangu zote ishirini na nne,
kwa mwandiko safi kuliko wangu.

Hakuinamisha macho.
"Wewe ulijenga mlango. Mimi ndiye ninayepita."

Nilikaa kwenye kiti chake, joto bado,
nikaandika kanuni fupi: printa ionekane,
handaki lijiwashe bila kumuuliza mtu.

Kisha nikabadilisha nenosiri.
Utepe ameuacha. Anasema
unashikilia mguu wa kibodi uliovunjika.