Mguu wa Juu Kwanza

Jimsher alinifundishia jikoni,
sahani ya jibini akaiinua upande mmoja kwa kijiko,
kiberiti kikawa helikopta.
"Ukate mteremko kwa ubavu.
Mkia ukielekea juu, utalima udongo.
Mguu wa juu kwanza. Gusa. Ngoja.
Kisha wa chini, taratibu,
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani."
Kiberiti kiliteleza, kikatumbukia chaini.
Hakucheka.

Leo ni Tusheti, Machi, barabara imefungwa tangu Oktoba.
Huku hakuna tambarare.
Wenyewe husema hata kuku wao wana mguu mmoja mfupi.
Natela wa nyumba ya mwisho amevunjika nyonga,
na theluji mbele ya mlango wake
imeinama kuliko ile sahani.

Naugusa mlima kwa mguu wa kushoto.
Wenzo naushusha unywele kwa unywele,
fimbo naiegemeza mlimani,
zaidi,
zaidi,
mpaka inagota mwisho wake
na mguu wa kulia ungali unaning'inia hewani.
Hapa ndipo mtu hujiambia: bado kidogo tu.
Hiyo kidogo tu ina majina matano
kwenye ukuta wa kambi yetu. Nayajua kwa mpangilio.

Nainuka.

Torghva, mwanawe, ameinua mikono yote miwili;
anadhani namkimbilia mamaye mbali.
Simkimbii. Nazunguka,
natafuta mlima usio mkaidi sana,
naupata nyuma ya zizi, wanapokamulia.
Wa juu. Ngoja.
Wa chini.
Umekaa.

Lakini kutua si kutulia.
Mikono yangu bado imeubeba nusu uzito
wakati Torghva anakuja mbio na sleji
kutoka juu, upande ule
ambao mapanga yanapita usawa wa shingo.
Gocha fundi anapiga kelele, rota inazimeza.
Aliyesikika ni Natela, kwenye sleji, chini ya mablanketi:
"Zunguka, mpumbavu! Nani humwendea ng'ombe kwa pembe?"
Kijana akageuka, akashuka,
akaja kwa upande wa bondeni, kichwa chini.

Tulipomfunga mikanda
aliitazama sakafu yangu iliyolala upande,
akavuta pumzi kwa maumivu, akasema:
"Wangu naye husimama hivi hivi
nikimkamua."