Makasia Bila Maji

Nyuma ya karakana ya kuchomelea, pale Walukuba,
Opendi kaezeka mabati sita, katundika kioo chenye ufa,
kaandika kwa rangi iliyobaki ya mlango:
MAZOEZI. ELFU MBILI. UKIIBIWA VIATU, SHAURI YAKO.

Nilifika na mgongo wa cherehani,
miaka ishirini na miwili ya kuinamia gomesi za harusi za wenzangu.
Nikamwambia: hapa, katikati ya mabega, pana msumari.
Akasema: huo hauchomolewi kwa Panadol, mama. Utapiga makasia.
Nikatazama huku na huku.
Maji yako wapi?

Kasia la kwanza ni chuma kirefu,
ekseli ya lori lililokufa,
kila ncha saruji iliyogandia ndani ya kopo la rangi.
Unainama kama anayetafuta sindano sakafuni
(hilo nalijua),
magoti yamelegea, mgongo umenyooka kama ubao wa pasi,
unalivuta hadi kitovuni.
Hili hula mgongo mzima, toka shingo hadi nyonga,
na ndilo lenye mdomo mwepesi:
ukijikunja kidogo tu, kiuno kinakwenda kukusema.
Opendi analipenda sana.
Opendi ana miaka ishirini na sita.

La pili, la mkono mmoja.
Goti na kiganja juu ya benchi, mkono wa pili unavuta
kama unavuta kamba ya jenereta iliyogoma,
ila polepole, kiwiko kikipita ubavuni.
Hapo nikaumbuka.
Kulia, mkono wa mkasi, mara kumi na mbili.
Kushoto, mkono wa kushika kitambaa,
ukaanza kutetemeka kwenye ya tano.
Miaka yote nilidhani nina mgongo mmoja.
Kumbe ni miwili, kama wake wenza:
huyu anapika, yule anangoja sahani.

La tatu lina kapi.
Kapi lilitoka kiwanda cha nguo, siku walipouza vyuma kwa kilo.
Marehemu mama alifanya kazi humo zamu ya usiku;
sikumwambia Opendi.
Unakaa, nyayo kwenye ubao, unavuta mpini hadi tumboni,
kifua mbele, mabega yakutane nyuma kama vifungo na matundu yake.
Hili lina huruma, kiuno kinapumzika.
Lakini huruma nayo ina hila:
ukianza kuyumba mbele na nyuma, waya unakuja wenyewe,
unatoka na jasho la uongo.
Nilitoka nalo wiki mbili.

La nne ni bomba la maji, limelazwa juu ya nguzo mbili.
Unalala chini yake, unalishika, unajivuta.
Chuma cha kuinua hakuna. Mzigo ni wewe,
kilo themanini na moja na madeni yake.
Siku ya kwanza niliinua kidevu.
Vijana wa karakana wakasahau moto wao wakanitazama.
Siku ya ishirini na kitu, kifua kikaligusa bomba,
baridi,
na hakuna aliyekuwa anatazama.

Ukiniuliza lipi bora, nitakuuliza unaumwa wapi.
Mwenye kiuno kibovu, akae na kapi, asiyumbe.
Mwenye upande mvivu, ampe zamu yake peke yake.
Lile la ekseli nimemwachia Opendi;
sisi tunasalimiana tu.

Msumari? Upo.
Siku za mvua hubisha hodi, haingii.

Ila Jumapili iliyopita nilivaa blauzi yangu ya kitenge,
niliyojishonea mwenyewe, kwa vipimo vyangu.
Niliponyosha mkono kufunga dirisha, ikalia
mgongoni, palepale.
Sikwenda kanisani.
Nilichukua wembe, nikakaa kitako, nikafumua mshono,
nikaongeza inchi moja
na nusu.